Laana ya padri na wenye shamba kule Dagoretti: nani alimlaani nani?

#1 Mtoto_wa_Riruta
Wakuu, salaam. Nimelelewa Riruta, na watu wengi wa rika langu huku wameisikia hii hadithi, ila kila nyumba ina yake. Nimeona tuimwage hapa zote.

Niliyopewa na shosho, yaani nyanya yangu, ni hii. Zamani, kabla ya lami, kulikuwa na familia iliyomiliki kilima chote kati ya mito miwili. Akaja padri mzungu na hema lake, akaomba pa kulala. Mzee wa boma akampa sehemu kama anavyopewa muhoi: lima ule, jenga kibanda ulale, lakini ardhi ni ya mbari, yaani ukoo. Miaka ikapita. Siku moja watu wakaamka wakakuta seng'enge. Mzee akaenda kuuliza, padri akatoa karatasi. Mzee hajui kusoma, akaitemea mate. Jumapili iliyofuata padri akasimama mlangoni mwa kanisa, akavua viatu, akavikung'uta vumbi kuelekea boma la mzee, akasema hakuna kifungua mimba wa kiume atakayezeekea pale. Shosho hutaja majina kwa vidole, wote walikufa na nywele nyeusi. Majina siyaweki hapa, wajukuu wapo.

Sasa jirani ya shosho, rika lake, anasema ni kinyume. Mzee ndiye aliyelaani, padri ndiye aliyelaaniwa. Hawa wawili wamebishana juu ya jambo hili tangu mimi niko darasa la pili. Nani ana lake?

#2 Kinyozi_Kawangware
Nafuatilia. Nimeshaweka chai.

#3 Muthoni_Waithaka
Kwetu Waithaka ni mzee aliyelaani. Alichinja mbuzi dume mbele ya ua, akamvunja mifupa mmoja mmoja, akisema aliyechukua ardhi hii avunjwe hivi. Padri hakumaliza mwaka. Viatu vya kukung'uta vumbi sijawahi kuvisikia kamwe. Hiyo ni Biblia mmemwagia.

#4 Wakili_Mtoro
Aliyoeleza #3 ina mashiko. Kuvunja mbuzi mifupa, yaani thenge, ni kiapo halisi cha Wagikuyu na kilitumika hasa kwenye kesi za ardhi. Lakini angalieni jinsi kinavyofanya kazi. Si silaha ya kumpiga jirani. Pande zote mbili huapa, na yule mwongo ndiye hupatwa. Sasa padri wa Kizungu angekubali kusimama mbele ya mbuzi aape? Kama hakuapa, kiapo kinamshikaje? Mzee aliyeapa peke yake amejiweka mwenyewe kwenye mizani.

Labda mnachanganya na kirumi, ile laana ya mzazi anayekaribia kufa: "atakayeuza shamba hili asione mema." Hiyo haihitaji padri awepo. Na hiyo hupiga watoto wa mwenyewe.

#5 Muthoni_Waithaka
Wakili umeanza kutoza ada tayari? Nilisema niliyoambiwa. Mbuzi alikuwepo.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Habari zenu vijana. Niwasaidie na tarehe, maana bila tarehe tutazunguka kama matatu inayotafuta abiria.

Wamisionari wa Kiskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia huku Kikuyu mwaka 1898. Mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin's mwaka 1899. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, reli ikafika Nairobi. Sasa kumbukeni huo ndio wakati wa Ng'aragu ya Ruraya, ile njaa kubwa, na ndui juu yake. Watu wa Dagoretti na Kiambu kusini walikufa kwa wingi, na waliobaki wengi wakarudi kwa jamaa zao Murang'a kutafuta chakula. Boma likabaki na majivu tu. Mgeni akipita anaona kichaka, anaandika "ardhi tupu". Familia ikirudi na mvua inakuta ua.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Huenda mzee hakumkaribisha padri hata kidogo. Hakuwepo. Lakini nani anataka kuwaambia wajukuu kwamba shamba lilichukuliwa tukiwa tumekimbia njaa? Afadhali useme tulimkaribisha mtu akatugeuka.

#7 Kahawa_Chungu
Mwalimu asante, lakini umeruka jambo kubwa: kahawa. Wale Wafaransa walikuja na miche kutoka misheni yao ya Bura kule Taita, na mbegu yenyewe asili yake ni kisiwa cha Réunion. Mpaka leo kuna aina ya kahawa inaitwa French Mission. Guka wangu, yaani babu, alikuwa kibarua wa kuchuma, na alisema ugomvi haukuanza na seng'enge, ulianza na miti.

Muhoi analima mahindi, maharagwe, viazi. Mti wa kudumu hapandi, maana anayepanda mti anadai ardhi. Kwa hiyo mzee alipoona padri anachimba mashimo ya miche kwa mistari, alijua huyu hatoki. Hema hata likikaa miaka kumi ni hema. Mkahawa ni kitu kingine.

Halafu kejeli yake: serikali ya mkoloni ilipiga marufuku Mwafrika kulima kahawa. Ruhusa ya kwanza ilikuja miaka ya 1930, na ilianzia Meru, Embu na Kisii. Kiambu, mlangoni pa Nairobi, walisubiri zaidi. Kwa hiyo mzee anaketi kwake anaangalia kahawa kwenye ardhi anayojua ni ya babu yake, na yeye akipanda mche mmoja anaenda korokoroni. Wewe usingelaani?

#8 Mbongo_wa_Moshi
Ndugu zetu, msijisahau. Hao mapadri walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, huku kwetu. Kahawa, katekisimu, hata hicho Kiswahili mnachokitesa hapo juu, vyote vilipita kwetu kwanza. Karibuni darasani.

#9 Kinyozi_Kawangware
#8 tulijua utakuja. Hakuna uzi wa Nairobi unaofika posti kumi bila Mbongo kusahihisha sarufi.

#10 Shekhe_wa_Kisauni
Assalam aleikum. Mimi niko Eastleigh kikazi lakini kwetu ni Mombasa, nawaletea ya huko maana inafanana.

Wazee wetu wana hadithi ya namna hii na wala haihusu ua. Inahusu watu. Wenye mashamba wa Mombasa walikuwa na watumwa, na watumwa walikuwa wakitoroka kwenda misheni ya Rabai na Frere Town. Mwenye shamba anakwenda kumdai mtu wake, mmisionari anamwambia hapa hakuna mtumwa wako. Palikaribia kumwagika damu. Mwishowe Mackenzie wa ile Kampuni ya Kiingereza akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru palepale Rabai.

Sasa sikilizeni. Kwa upande wa wenye mashamba, wale wamisionari walikuwa wezi. Kwa upande wa yule aliyepewa hati, mwizi alikuwa nani? Nyinyi hapo juu wote mnasimulia kama wajukuu wa mwenye shamba. Huyo mzee wenu wa Dagoretti hakuwa na wahoi wengine? Wao wanasemaje?

#11 Mtoto_wa_Riruta
#10 hilo swali limenishika koo. Shosho mwenyewe, nadhani, kwao walikuwa wahoi wa hiyo familia. Hajawahi kulisema waziwazi. Ila nikikumbuka anavyosimulia pale pa kung'uta viatu, sauti yake huwa na raha fulani.

#12 Wakili_Mtoro
Shekhe amepiga msumari kichwani. Na kisheria tuongeze hili. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1915, Wagikuyu hawakuwa na haki ya kumiliki, walikuwa wapangaji wa Mfalme ambao anaweza kuwaondoa akitaka. Yaani kwa siku moja mwenye githaka, shamba la mbari, na muhoi wake walilingana. Wote wahoi, mwenyeji yuko London.

Kwa hiyo mzee akisema "wewe padri ni muhoi wangu", mahakama inamjibu "na wewe ni muhoi wa Mfalme, na padri ana barua ya Mfalme." Hapo mtu hana pa kwenda isipokuwa kwa mbuzi.

#13 Njeri_K
Mnaongea ardhi, ardhi, ardhi. Mimi nawaambia hii hadithi ni ya wake.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake watatu na shamba la kutosha, si Dagoretti, ni upande wa Kabete. Akataka kubatizwa uzeeni. Padri akamwambia chagua mmoja, wengine waache. Akamchagua wa mwisho, mdogo, ambaye tayari alikuwa msomaji, yaani mtu wa misheni. Bibi yangu ni wa kwanza. Unajua ilimaanisha nini? Kwamba siku ya kuzikwa, kanisa lilimtambua mjane mmoja. Kwamba watoto wa yule mdogo ndio waliosimama na hati za ubatizo na ndoa mbele ya kila ofisi, na kifungua mimba wa bibi yangu, mwanamume mzima, akaonekana mtoto wa nje katika boma la baba yake. Alikufa kwa pombe hajafika hamsini.

Sasa rudini kwa #1: "hakuna kifungua mimba wa kiume atakayezeekea pale." Hapo hapahitaji viatu wala vumbi. Padri alivuruga nyumba kwa kitabu cha ubatizo, na vifungua mimba wa nyumba kubwa ndio walioliwa. Watu walipoona matokeo wakatafuta laana ya kuyaeleza.

#14 Muthoni_Waithaka
Njeri umenikalisha. Pole.

#15 Ruai_Ploti_Poa
Nauza ploti Ruai 50 kwa 100, hati iko tayari, maji na stima karibu. Njoo inbox.

#16 Kinyozi_Kawangware
#15 umekaribishwa na nani? Weka hema tu, usipande mti.

#17 Mwalimu_Mstaafu
😀 Admini usimfute, ametufaa.

Njeri, nakubali kwamba wake wengi lilikuwa jambo zito, lakini usisahau 1929. Ugomvi mkubwa wa misheni na watu wa huku mwaka huo ulikuwa juu ya tohara ya wasichana. Dkt. Arthur wa misheni ya Kiskoti ya Thogoto aliwataka waumini watie saini au kidole kwamba wameiacha. Wengi walitoka kanisani, wakaanzisha shule zao za Karing'a, zisizo chini ya misheni. Ndipo ukavuma ule wimbo wa Muthirigu, vijana wakiucheza na kuwatukana wamisionari kwa majina, mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Ndani yake mlikuwa na ardhi pia. Wazee walishikanisha mambo: anayetaka kubadili mila zetu anatafuta shamba letu.

Kwa hiyo hadithi inaweza kuwa ya 1899 kwa kiini lakini imeshonwa upya 1929. Na kama ni hivyo mhusika wake hakuwa padri kabisa, alikuwa mchungaji wa Kiskoti. Wazee walitumia jina lilelile kwa wote.

#18 Mkatoliki_Halisi
Hapo mwalimu nakupinga kidogo. Mubia ni padri, na kwetu walitofautisha vizuri tu. Ila ule msemo wa Gutiri mubia na muthungu, yaani padri na setla ni wamoja, ulimpiga kila mtu mwenye kola nyeupe, Mkatoliki na Mprotestanti.

Na tuwe na haki. Hao wamisionari ndio waliojenga shule na hospitali ambazo wengi humu mmezipitia. Hata mnaoandika hapa dhidi ya padri mlifunzwa kusoma na mtawa.

#19 Njeri_K
Mimi nilifunzwa na mama yangu.

#20 Msomaji_wa_Usiku
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Niruhusuni niharibu karamu.

Mimi nadhani sehemu ya viatu na kifungua mimba si ya Dagoretti hata kidogo. Ni ya Ireland. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofuata hapa Nairobi wengi walikuwa Waayalandi. Shule ya St. Mary's waliifungua mwaka 1939, na kabla yao masista wa Loreto, ambao mizizi yao ni hukohuko, walikuwa wamefungua Msongari mwaka 1921. Na Ireland imejaa hadithi za padri aliyelaani familia ya kabaila: nyumba kubwa haitapata mrithi, kunguru watajenga kwenye dohani. Huko kabaila alikuwa Mprotestanti wa Kiingereza na padri alikuwa upande wa wapangaji.

Si ngano tu. Mwaka 1880 kule Mayo, Kapteni Boycott aliyekuwa wakala wa mashamba ya Lord Erne alitengwa na kijiji kizima. Hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumfulia, hakuna wa kumpelekea barua. Padri wa pale, Father John O'Malley, alikuwa mmoja wa waliowaongoza watu. Ikabidi waletwe wavunaji 50 kutoka Ulster, wakilindwa na mamia ya askari, kuja kung'oa viazi na tanipu.

Sasa fikirini padri aliyekua na simulizi hizo anawafundisha watoto wa Riruta. Anawapa kisa cha kwao. Mtoto anakipeleka nyumbani na kukivisha shuka ya Kigikuyu. Kabaila anakuwa mwenye githaka. Ndiyo maana laana inamwendea mwenye shamba, wakati kwa mantiki ya Dagoretti mwenye shamba ndiye aliyeonewa. Hadithi ilisafiri ikasahau kugeuka.

#21 Kahawa_Chungu
Duh. Hii ni tamu mno kuwa kweli.

#22 Wakili_Mtoro
Tamu lakini haina shahidi. Kung'uta vumbi la miguu kumo katika Mathayo 10:14. Katekista yeyote wa hapa angeweza kulitoa humo bila kusubiri Mwaayalandi. Na kifungua mimba? Kutoka, mapigo ya Misri. #20 umesafiri hadi Mayo kutafuta kitu kilicho mezani.

#23 Msomaji_wa_Usiku
Kwa hiyo katekista wa hapa alichagua mwenyewe kumfanya mzee wake Farao? Hilo ndilo ulieleze.

#24 Shekhe_wa_Kisauni
Kama katekista alitoka nyumba ya wahoi, angemchagua nani awe Farao? Nimeuliza tu.

#25 Mbongo_wa_Moshi
Shekhe anauliza tu tangu #10, na kila akiuliza uzi unasimama.

#26 Jina_Nimelificha
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni wa hiyo familia.

Hatukulaaniwa na mtu. Guka alikuwa rafiki wa misheni, watoto wake walibatizwa wote. Sehemu iliyochukuliwa ilichukuliwa, na wazee wetu walipeleka madai yao mbele ya Tume ya Carter, ile tume ya mkoloni ya ardhi, kama mbari nyingine za Kiambu, wakajibiwa kama walivyojibiwa wengine ripoti ilipotoka mwaka 1934. Yaliyobaki tuliyauza wenyewe. Mjomba mmoja alikuwa na kiu, mwingine alikuwa na kesi, mwingine alitaka lori. Robo ekari, nusu ekari, mpaka pakabaki makaburi na mparachichi. Hadithi ya laana ililetwa na walionunua, wapate usingizi. Vifungua mimba walikufa mapema, kweli. Wawili ni Hali ya Hatari wakati wa Mau Mau, mmoja ni ini. Padri hakuhusika.

#27 Gachie_Boy
Ajabu. Mimi pia ni wa hiyo familia, na sisi mbuzi tulimchinja. Mifupa ilizikwa chini ya mugumo, mti wetu mtakatifu, na mugumo ulikatwa walipojenga nyumba za kupangisha. Mpaka leo hizo nyumba mpangaji hamalizi mwaka.

#28 Kinyozi_Kawangware
Mpangaji hamalizi mwaka kwa sababu keateka anapandisha kodi kila Desemba na maji ni Jumanne tu. Nimeishi ploti kama hiyo. Msimsingizie mugumo.

#29 Njeri_K
#26, hao vifungua mimba, mama zao walikuwa nyumba ya ngapi?

#30 Jina_Nimelificha
Nyumba kubwa. Najua unakoelekea, na sikatai.

#31 Mama_Uthiru
Jamani hata sisi Uthiru tunayo familia hiyohiyo, padri huyohuyo, ila alikuwa amepanda baiskeli. Na hakulaani, alilia. Alihamishwa na wakubwa wake kwa sababu alimtetea mzee asinyang'anywe, akapita akimpungia mkono. Nyanya yangu aliuita ule ndio mwisho wa mapadri wazuri.

#32 Mkatoliki_Halisi
Asante #31! Hatimaye.

#33 Muthoni_Waithaka
Baiskeli?? Sasa huyu padri ana viatu, ana mbuzi, ana baiskeli.

#34 Mwalimu_Mstaafu
Ngojeni kwanza. #26 na #27, tuanze na mahali. Familia yenu ilikuwa upande gani wa mto Kirichwa?

#35 Jina_Nimelificha
Kulia, ukitoka mjini.

#36 Gachie_Boy
Kushoto. Na ni Kirichwa Kubwa, si Ndogo.

#37 Mtoto_wa_Riruta
#26, ukitoka mjini kwa barabara ipi? Maana ukija na ya Naivasha kulia ni kwingine kabisa na ukija na ya Gitanga. Nampigia shosho sasa hivi, lakini yule jirani yake yuko hapohapo anasikiliza, kwa hiyo nipeni muda.